Maswali yenu: pipa la eli na chumba chake

Wasomaji wanaofanya kazi kwenye baa za Uingereza wameniuliza kuhusu eli ya pipa, ile bia inayovutwa kwa mkono kaunta.

Wateja wanalalamika bia ina joto. Niipoze kama lager?
Hapana. Chumba cha chini, pipa linamokaa, kikae nyuzi 11 hadi 13 za selsiasi. Hamira ya ndani bado i hai. Ukiipoza sana inalala na bia inafifia, joto likizidi inachacha upesi, kama tembo la mnazi. Pima kwanza bia iliyo kwenye glasi. Huenda shida ni mrija unaopita nyuma ya mashine ya kuoshea glasi.

Kwa nini vigingi viwili, laini na kigumu?
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Laza pipa kwenye kitanda chake, likaze kwa kabari, kisha pigilia kigingi laini kwenye tundu la juu. Mti wake unapitisha hewa, basi gesi iliyozidi inatoka ikifoka, na povu linafuata. Lipanguse, tazama linavyorudi; kigingi kikiziba, badilisha. Povu likianza kurudi kivivu, weka kigumu ili gesi iliyobaki isipotee. Wakati wa kuuza rudisha laini, kwa sababu bia ikitoka lazima hewa iingie. Ukifunga baa, kigumu tena. Mwaka wangu wa kwanza nilikisahau usiku mmoja. Asubuhi bia ilikuwa imeishiwa gesi, hata ulimi haikuuchoma.

Bia yangu haitakati.
Umeipa muda? Kinachoitakasa mara nyingi ni dawa ya mabondo ya samaki, inayokamata hamira na kushuka nayo. Iache siku nzima au zaidi bila kuigusa. Mteja asiyekula samaki aambiwe ukweli huo. Na pipa likipungua, liinue nyuma taratibu mapema. Ukingoja mwisho unavuruga mashapo.

Pipa likishafunguliwa linadumu siku ngapi?
3. Pipa la galoni 9 lina painti 72. Kama huzimalizi, agiza la galoni 4.5.

Nikiwa kwenye chumba cha chini kichwa kinaniuma.
Toka sasa hivi. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni. Ukimkuta mwenzako ameanguka humo, nakusihi usimfuate: piga 999, namba ya dharura. Na usirudi kazini mle mpaka mwenye baa aweke king'ora cha gesi.