Jibu: IEBC itaaminika tena?

Ndugu, umeuliza kama Wakenya wataiamini tena IEBC, tume yetu ya uchaguzi. Dawa ni uwazi, na tulishaionja. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na tume haikufungua seva zake kikamilifu kama ilivyoagizwa. Lakini 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni. Mjomba wangu, mbishi kweli kweli, alikuza picha kwenye simu yangu, akasoma fomu ya kituo chetu, kura moja moja mpaka saini za mawakala. Akanyamaza! (Makamishna wanne wa tume walipoyakana matokeo, akaanza kubisha upya.) Kilichotuharibia ni kuiacha tume bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. 2027 mimi nitatazama fomu kwanza, hotuba baadaye.