Barua kwa Zuhura: rupia ngapi?

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Nimefika Lindi salama. Mama yako anakusalimu, na zile chokoleti kazifungia kabatini, wajukuu wa huku hawajaziona hata karatasi.

Ijumaa uliniuliza: Baba, Berlin imekupendeza, nianze kushughulikia viza ya mwakani? Nikasema mtandao unakatakata. Haukuwa unakatika.

Mji ni mzuri. Treni za chini ya ardhi hazina geti, mtu anapanda na uaminifu wake, ingawa wewe ulinishikisha tiketi mkononi kama mtoto, eti wakaguzi huvaa kiraia. Na Magharibi ya Juni inaingia saa tatu na nusu usiku! Lakini tangu uko sekondari nakwambia: mji huujui mpaka uutembee kwa miguu. Ndiyo maana nilikataa treni siku ile, tukaenda kwa miguu mpaka makumbusho ya Invalidenstraße, ukanuna njia nzima.

Basi yule mjusi wa kale, dinosaria wetu. Tunamsikia tangu utoto, ila mita 13.27 kwenda juu ni habari nyingine; nilishika kofia isianguke nikitafuta kichwa kilipo. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele unanipita kimo. Ametoka Tendaguru, huku kwetu Lindi, Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913. Hapo hapo nikamwona babu yangu, Mzee Selemani, na bega lake la kulia lililolala. Wewe hukumkuta, lakini hadithi unayo: mawe ya Wadachi, siku nne kwa miguu mpaka bandarini Lindi, halafu kurudi kufuata mengine. Sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka. Nani anabeba mawe siku nne?

Nikamsimulia mjukuu wangu Salma. Akanivuta shati: "Babu, babu yako alilipwa shilingi ngapi?" Nikasema wakati ule zilikuwa rupia. "Rupia ngapi?" Nyingi, nikamwambia. Nyingi sana. Akaridhika, akakimbilia dukani kutazama wanasesere.

Mimi sijui rupia ngapi. Mzee hakusema, nasi hatukuuliza, tulikuwa tunacheka. Umri wangu huu, namdanganya mtoto wa miaka sita mbele ya mifupa ile ile! Ukadhani nimechoka, ukaninunulia kahawa.

Sasa barazani wananingoja. Unajua mimi ndiye niliyekuwa nikipiga meza kwamba mjusi arudi. Nimemwona kasimama vizuri, jengo kavu, watoto wa shule wamejipanga mlangoni. Huku tungemweka wapi? Halafu najijibu: tangu lini mwenye mali akaulizwa kwanza kama ana kabati? Halafu nakumbuka Salma alivyoachama mdomo, nikawaza na watoto wa Mtama waachame vile vile kwao. Jibu ninalo, Zuhura, liko ulimini. Usinibane, nitalitema.

Viza ulizia. Ila nikija hatupandi kitu. Ulisema kule mtaa wa Wedding, hapo Berlin, kuna barabara waliyoipa jina Maji-Maji-Allee mwaka 2024. Hiyo tutaiendea kwa miguu, maana mji huujui mpaka uutembee, na unune ukitaka.

Salma mwambie babu hajui zilikuwa ngapi. Au mwache, nitamwambia mwenyewe.

Baba yako