Ukitaka watu waje maktaba, nenda kwao kwanza

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, aliniandikia. Wamefungua chumba cha vitabu kijijini kwao, wakatangaza mhadhara wa afya ya mama na mtoto, wakabandika karatasi dukani na kwenye jeti. Siku yenyewe ilipofika wakaja watoto wa shule na mwalimu wao, basi. "Bi mwalimu, nyinyi huko Lamu mnafanyaje hata watu wanakosa pa kukaa?" Nimeona nimjibu hapa, maana najua wenye hamu kama yake ni wengi, Faza, Siyu, hata Malindi.

Kwanza niwasimulie kikao chetu cha mwezi uliopita, kwa sababu furaha yake bado haijanitoka. Tulimwalika fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Hakuandika hotuba. Alikuja na mkoba wake wa kazi: tezo, nyundo ya mbao, patasi ya kalafati, yaani ya kuzibia nyufa za chombo, pamba, kopo la mafuta, na vipande viwili vya ubao wa mbambakofi vilivyoungwa na kuachwa mwanya katikati. Akaketi mkekani, akaisokota pamba juu ya paja mpaka ikawa kama utambi, akaichovya mafuta, akaanza kuishindilia mwanyani, pigo baada ya pigo. Halafu akasita. "Sikilizeni sasa." Akagonga tena, na kweli mlio ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito. Akatwambia pamba ikishashiba, sikio ndilo linalojua kabla ya jicho.

Vijana wa sekondari walisogea mbele bila kuitwa. Mvuvi mmoja aliyesimama mlangoni, mtu ambaye sijapata kumwona na kitabu, akaanza kubishana naye juu ya shahamu na chokaa inayopakwa chini ya chombo: ichanganywe vipi, na chombo kipandishwe pwani kila baada ya muda gani. Mimi nilinyamaza kabisa. Ubishi ule ndio uliokuwa darasa, na siku ile vitabu vyote vya vyombo vya bahari tulivyovipanga mezani viliazimwa.

Lakini hatukuanza hivyo, na siwezi kujifanya nimesahau. Zamani kidogo walikuja watu wa mradi fulani, wakatuahidi viti, chai na spika. Tukawaamini. Wakaleta bango kubwa lenye jina lao, mgeni wao rasmi akachelewa mpaka Magharibi ikakaribia. Bibi mmoja mtunzi wa tenzi, ambaye nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake Langoni na kumwomba kwa adabu zote, akaachiwa dakika za mwisho. Alikuwa katikati ya ubeti walipomkatiza ili picha ipigwe kabla mwanga haujaisha. Alijifunga buibui lake akaondoka, hakumlaumu mtu. Katika visiwa hivi hivi Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na watu bado wanausoma. Leo mtunzi mwanamke anakatizwa kwa ajili ya kamera! Nikipita mlangoni kwake hadi leo moyo unaniuma.

Tangu siku ile sikubali mgeni rasmi. Anayezungumza ndiye mgeni, na wengine wote, awe mkubwa wa ofisi gani, wanakaa mkekani.

Kwa hiyo, mwanangu, karatasi ya dukani haialiki mtu. Nenda nyumbani kwake, piga hodi, kaa, pokea kahawa, ndipo useme haja yako. Ukimpata mama mmoja anayesikilizwa mtaani, atakuja na wenzake. Hilo la afya ya mama na mtoto, usimwite muuguzi peke yake. Mfuate pia mkunga wa kijijini, yule aliyewapokea nusu ya watoto wa hapo, waketi pamoja na muuguzi waulizane mbele ya watu. Wanawake watakuja kumsikiliza wanayemjua, na watatoka wamemsikia na yule wasiyemjua.

Saa nayo ni muhimu. Sisi tunaanza baada ya swala ya Alasiri na kumaliza mapema kabla ya Magharibi, na Ijumaa hatuigusi. Nyinyi mna jambo moja zaidi: kama mnataka wageni kutoka Lamu, tazameni maji kabla ya kalenda. Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yametoka haupitiki kwa raha, na mzungumzaji aliyekwama kwenye mikoko hana faida kwenu. Muulize nahodha.

Mada? Chagueni jambo ambalo wasikilizaji wenyewe ni mashahidi wake. Ngome yetu ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na tarehe hizo mtoto anazikariri na kuzisahau. Lakini ngome hiyo ilikuwa jela mpaka mwaka 1984, kwa hiyo wapo watu wazima mjini waliopita chini ya kuta zake kila siku wafungwa wakiwa ndani. Tulipoigusa mada hiyo, tuliyemwalika alizungumza kidogo tu, wazee wakamalizia. Kizingitini mna uvuvi wa kamba. Nani hapo hana la kusema juu ya kamba?

Jamani, tuache kudhani elimu ni ya mwenye cheti peke yake. Tunalia kwamba vijana hawasomi, na huku tumewaweka pembeni watu ambao wangewapa hamu ya kusoma. Anayejua kazi yake mheshimu, mfuate kwake, mpe nafasi nzima. Narudia kusudi: mfuate kwake.

La mwisho ni kuhusu kurekodi. Rekodini, lakini muombeni mwenyewe ruhusa kabla hajaanza, na mbele ya mtu wa nyumbani kwake. Andikeni maneno yake kwenye daftari, jina lake liwe juu ya jalada, na daftari likae rafuni pamoja na vitabu vingine. Atakapokuja mtu wa mradi kuwaomba sauti ile, msimpe. Mwelekezeni kwa mwenyewe, nyumba yake inajulikana.