Jibu: Aidid na Ali Mahdi waligombania nini?

Ndugu, umeuliza kwa nini Aidid na Ali Mahdi walipigana ilhali wote walikuwa USC (United Somali Congress), kundi la waasi wa Somalia. Waligombania kiti cha urais. Rais Siad Barre alikimbia mji mkuu, Mogadishu, Januari 1991, na siku chache baadaye Ali Mahdi, mfanyabiashara mwenye hoteli, akatangazwa rais wa muda kabla makundi mengine hayajakaa kitako kushauriana. Hilo naliona kosa kubwa. Jenerali Aidid, aliyeongoza wapiganaji, akakataa. Kufikia Novemba walikuwa wakirushiana mizinga mjini, kaskazini kwa Ali Mahdi, kusini kwa Aidid.

Huku Lamu tuliwapokea Wabajuni wa pwani ya Somalia waliokimbia vita hivyo kwa mashua. Mama mmoja alishuka gatini na mkoba wa ukili, ndani mna funguo za nyumba yake ya Kismayu tu.