FastAPI: /docs inajisasisha, lakini si yote

Swali ni kama nyaraka za FastAPI, zana ya Python ya kujenga API (njia ambayo programu huzungumza na nyingine), hujisasisha zenyewe. Ndiyo, ukibadilisha msimbo wa programu, ukurasa wa /docs wenye nyaraka hizo nao unabadilika, ila si wote. FastAPI inasoma aina za data ulizotangaza kwenye fankisheni na modeli zako za Pydantic (maktaba ya Python ya kukagua data), na humo ndimo inamotoa openapi.json, maelezo ya API ambayo /docs inayaonyesha. Aina hizohizo ndizo zinazokagua maombi yanayoingia, kwa hiyo upande huo si rahisi nyaraka zidanganye.

Panapovuja ni kwenye makosa. Ukirusha HTTPException (kosa la FastAPI) ya 404, yaani "haikupatikana", ndani ya fankisheni, haitaonekana kwenye nyaraka mpaka uitangaze mwenyewe kwenye kigezo cha responses. Ile 422, kosa la data isiyokubalika, ndiyo inayojiweka. Jibu nalo, ukirudisha dict (kamusi ya Python) ya kawaida bila response_model, yaani modeli ya umbo la jibu, wala aina ya kurudi, litaonekana halina umbo lolote. Na docstring (maelezo unayoandika ndani ya fankisheni) ikipitwa na wakati, hiyo ni ya mtu kurekebisha, hakuna mashine itakayokuambia.

Mimi huwa naweka openapi.json kwenye Git (mfumo wa kuhifadhi matoleo ya msimbo), na CI (mashine inayokagua kila badiliko) inailinganisha na matokeo ya app.openapi(), yaani maelezo mapya yanayotoka kwenye msimbo wa sasa. Zikitofautiana, mabadiliko hayapiti hadi mtu aangalie.