Mkutubi anajibu: nywila, asilimia na vitabu vilivyofichwa

Tangu maktaba ya chuo chetu hapa Tabora ifungue huduma mpya muhula huu, kisanduku cha maswali pale kaunta kinajaa kila siku. Waliouliza saa za kufungua siwajibu. Zimebandikwa mlangoni.

"Nikiwa chuoni majarida ya mtandaoni yanafunguka. Nikirudi geto Isevya yananidai dola. Mnatubagua tunaoishi nje?" (Mwaka wa tatu)

Hakuna anayekubagua. Wachapishaji wanaitambua kompyuta kwa anwani ya mtandao wa chuo. Ukishatoka getini ukawasha bando lako, kwao wewe ni mpita njia, na mpita njia analipia. Ndiyo maana sasa kuna akaunti ya kusomea nje ya chuo. Njoo kaunta na kitambulisho, tutakusajili kwa barua pepe ya chuo, siyo ile uliyofungua kidato cha pili yenye jina la msanii. Baada ya hapo utasoma ukiwa Isevya, Nzega au ndani ya treni, mradi mtandao upo.

Ila akaunti ni ya mtu mmoja. Mchapishaji akiona akaunti inashusha makala mamia kwa mkupuo, anaweza kukifungia chuo kizima. Utamwambia nini mwenzako wa uzamili anayewasilisha tasnifu wiki hiyo? Na yule kijana wa steshenari anayekwambia "niachie nywila nikutafutie", ujue nywila hiyohiyo atawatafutia na wateja wengine. Majarida haya yanalipiwa. Vyuo vyetu vinapatana bei kwa pamoja kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, na ada yako imo humo. Unampa mtu mali yako, halafu unamlipa aitumie.

"Steshenari walinipimia kazi yangu ikatoka asilimia 9. Chuoni imetoka 94. Mfumo wenu mbovu?"

Mfumo ni mzima. Kilichoharibika ni safari ya kazi yako kabla haijatufikia.

Turnitin, mfumo tunaopimia kazi zinavyofanana na za wengine, inalinganisha maandishi yako na kurasa za mtandaoni, na majarida, na pia na hifadhi ya kazi ambazo wanafunzi wameshawahi kuwasilisha. Huyo wa steshenari hana leseni. Anatumia akaunti ya mwalimu wa chuo fulani usichokijua, na mpangilio wake unasema kila kinachopita kihifadhiwe. Alipoipima, ikahifadhiwa kule. Ulipoileta kwetu, ikakutana na yenyewe. Msimamizi wako anachokiona ni kwamba asilimia 94 ya utafiti wako ilikwisha kuwasilishwa chuo kingine. Kuifuta ni lazima kile chuo chenye akaunti kiombe, na kijana wa steshenari hatakutajia akaunti ni ya nani, kwa sababu pengine hata yeye aliinunua kwa mtu. Mahafali hayakusubiri.

Maktaba sasa inapima rasimu bure, bila kuihifadhi. Leta faili lenye idhini ya msimamizi, utapewa ripoti nzima, siyo namba tu iliyoandikwa kwa kalamu juu ya risiti.

Na tuachane na swali la "inaruhusiwa asilimia ngapi". Kanuni za chuo zina kikomo chake, kasome. Lakini asilimia inahesabu maneno yanayofanana, haihesabu wizi. Orodha ya marejeo, majina ya taasisi na nukuu ulizozifungia alama vinapandisha namba bila kosa lolote. Mwenye 25 anaweza kuwa msafi, na mwenye 6 akawa amenyanyua aya nzima ya mtu, ileile iliyobeba hoja yake kuu. Wanaobadilisha herufi kwa zile za Kirusi zinazofanana na zetu, au kuficha maneno kwa wino mweupe, mfumo unawapigia alama nyekundu. Mnalipia ujanja uliokwisha kujulikana.

"ChatGPT imenipa vyanzo kumi kuhusu vyama vya ushirika vya tumbaku. Kaunta wameniambia sita hamna. Mtaviagiza lini?"

Hatutaviagiza, kwa sababu havijawahi kuandikwa. Jarida ni la kweli, namba ya toleo ni ya kweli, ila ukifungua ukurasa uliotajwa unakuta makala ya minyoo ya ng'ombe. Kila makala yenye DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala ya mtandaoni, iingize namba hiyo kwenye doi.org. Isipofunguka, au ikafunguka makala nyingine, futa. Kwa mambo ya kwetu anzia tovuti ya AJOL, iliyoanza 1998 na kukusanya majarida ya Kiafrika. Wa Kiswahili mtakutana humo na jarida la Kioo cha Lugha. Kisha ingieni hifadhi yetu ya kidijitali, ambako sasa tasnifu za waliowatangulia zinasomeka zote. Wapo waliokwenda Urambo na Kaliua kuwahoji wakulima wa tumbaku ana kwa ana. Mnawaruka mnakwenda kuuliza mashine.

"Koha, katalogi yenu ya kompyuta, inaonyesha nakala nne zipo. Rafuni hakuna hata moja."

Zipo. Wenzako wamezificha. Juzi kitabu cha uhasibu, ambacho makazi yake ni rafu ya namba 657, tumekikuta nyuma ya makamusi kina kikaratasi ndani: "Usitoe, narudi saa nane." Sasa vitabu vya kiada vinavyogombewa tumevihamishia kaunta, unasoma saa mbili humohumo ndani kisha unarudisha. Vilivyoazimwa unaweka nafasi kwenye katalogi ukiwa hata kitandani, na kikirudi unapata ujumbe. Hatukitunzi siku tatu kwa mtu asiyekuja.

"Naweza kutoa kopi kitabu kizima?"

Hapana. Sheria ya Haki Miliki ya 1999 haijafutwa.

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Cheyo. Je, naruhusiwa kuja kusoma?"

Shikamoo, Mwalimu. Karibu sana. Njoo na kitambulisho cha taifa, utaandikwa kama msomaji wa nje: kusoma ndani ruksa, kuazima hapana. Maktaba ya mkoa nayo usiisahau, kule unaweza kujiunga na kuazima. Nitafurahi kukuona, maana nusu ya viti vyangu vimekaliwa na watu waliofuata soketi ya kuchajia simu. Ukikuta mmoja wao amelala kwenye meza ya magazeti, una ruhusa yangu kumwamsha kwa sauti ya darasani.

"Niko fildi Kaliua vijijini, mtandao unasuasua. Nifanyeje?"

Ungeuliza kabla hujapanda basi ningekwambia ushushe makala zote chuoni na uziweke Zotero, programu ya kutunzia makala na marejeo, ambayo ni ya bure na hufunguka bila intaneti. Kwa sasa tuma ujumbe mfupi kwa mkutubi wa kitivo chako, atakutafutia faili na kukutumia, ulishushe siku ukifika penye mtandao. Andika jina la makala, mwandishi na mwaka. Ujumbe wa "niaje mkutubi, naomba materio ya utawala" hautajibiwa.