Kisigino kinauma, ukucha umeingia weusi: maswali yenu kuhusu miguu

Barua za miguu zimekuwa nyingi, na karibu zote zinaishia kwenye swali lilelile: nisubiri, au niende hospitali? Kwa hiyo katika kila jibu nitasema wazi lipi unaweza kulitibu nyumbani, lipi linataka uvumilivu, na lipi si la kulala nalo hata usiku mmoja. Maswali nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nasimama siku nzima. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza ni kama nimekanyaga msumari kwa kisigino. Nikishatembea kidogo maumivu yanapungua, jioni yanarudi. Mwenzangu kazini anasema kuna mfupa umeota, lazima ukatwe. Ni kweli?

Marahaba, mwalimu. Maumivu ya hatua za kwanza za asubuhi yana mwenyewe: ni utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Huo ndio unaoshikilia uvungu wa unyayo. Ukichoka kwa kusimama sana, kwa uzito, au kwa viatu vyenye soli nyembamba, unaumia pale unapojishika kwenye kisigino. Usiku mguu unapolegea nao unajikunja. Asubuhi unakanyaga, unavutwa ghafla.

Huo mfupa ulioota usikutie hofu. Unaonekana kwenye eksirei za watu wengi ambao hawajawahi kuumwa kisigino maishani mwao, na kuukata kwa kawaida si tiba. Katika kila watu 10 wenye tatizo lako, 9 hivi hupona bila upasuaji wowote. Kinachowakatisha watu tamaa ni muda: ni kazi ya miezi, wakati mwingine hadi mwaka.

Kabla hujashuka kitandani, kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, shika vidole uvivute kuelekea kwenye muundi mpaka uhisi unyayo umekaza. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Ukishaamka, simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimegusa sakafu, uegemee mbele mpaka shavu la mguu livutike. Nusu dakika, mara 3. Usitembee peku kwenye sakafu ngumu, hata kwenda chooni usiku. Jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, kwa dakika 10. Ukipewa sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwenye kisigino, nafuu yake mara nyingi ni ya wiki chache tu, na ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha utando mpaka ukachanika. Mimi huiacha iwe ya mwisho.

Nenda ukaonwe kama wiki kadhaa za mazoezi hayo hazijaleta nafuu yoyote. Usingoje hizo wiki kama kisigino kinauma hata umelala, kama kuna ganzi, homa au uvimbe, au kama maumivu yalianza baada ya kuruka au kuanguka. Na ukisikia kitu kimekatika nyuma ya kisigino, kisha ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, nenda siku hiyohiyo. Huenda kano kubwa ya kisigino imechanika.

Mama yetu ana sukari kwa miaka mingi. Ametoka kidonda kidogo chini ya kidole cha mguu. Anasema hakimuumi, kwa hiyo tusimsumbue na safari za hospitali. Tunakisafisha kwa spiriti kila siku. Tuendelee kusubiri?

Msisubiri. Mpelekeni leo, na kama mnasoma haya usiku, kesho asubuhi na mapema. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kinatakiwa kuonwa ndani ya siku moja, hata kiwe kidogo namna gani.

Na wewe, Mama, shikamoo. Hicho unachokisema kuwa ni nafuu ndicho kinachonitisha. Kidonda kilichofika nyamani kinapaswa kuuma. Kisipouma, maana yake mishipa ya fahamu ya mguu imeharibiwa na sukari, na mguu umepoteza mlinzi wake. Unaendelea kukanyaga palepale palipochimbika, kila hatua, bila kujua. Ukiongeza kwamba kisukari hubana pia mishipa ya damu, kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Kati ya watu 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu au sehemu yake, takriban 85 walianza na kidonda cha unyayo au kidole. Vingi vya vidonda hivyo vilikuwa vidogo, na vingi vilikuwa haviumi.

Spiriti iacheni. Inaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Osheni kwa maji safi, kausheni taratibu, funikeni kwa bandeji safi kavu, na Mama asikikanyagie mpaka afike hospitali. Huko watamnyoa ngozi iliyokufa, watapima mzunguko wa damu, wataangalia kama vijidudu vimefika kwenye mfupa, na watatafuta namna ya kuuondolea uzito mguu huo: kiatu maalumu au plasta ngumu kama ile ya mfupa uliovunjika. Hilo la kuondoa uzito familia nyingi hulichukulia kama jambo la ziada, ilhali ndilo tiba yenyewe. Dawa za kila aina hazitaziba kidonda ambacho bado kinakanyagwa.

Akishapona, miguu yake ikaguliwe kila jioni. Kaeni kwenye mwanga wa kutosha, achanueni vidole kimoja kimoja na mwangalie katikati, kisha geuzeni unyayo. Kama yuko peke yake, aweke kioo sakafuni. Mnatafuta wekundu, lengelenge, ufa, sugu yenye doa jeusi ndani yake. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja ulinganishe joto. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani upapase hadi kwenye ncha. Nimewahi kumvua mgonjwa kiatu nikakuta kokoto imejichimbia kwenye soli ya ndani, na chini ya unyayo wake shimo la ukubwa uleule. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi na hakuwa na habari.

Maji ya kuogea ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Asiweke miguu karibu na moto, asikate sugu kwa wembe, na asitumie plasta za dawa ya kuyeyusha sugu. Asidi iliyomo haichagui kati ya sugu na ngozi nzima. Angalau mara moja kwa mwaka, mhudumu wa kliniki amguse nyayo kwa ule uzi mwembamba wa plastiki wa kupimia ganzi. Ni kipimo cha dakika chache, na kisipotajwa kliniki, uliza wewe.

Dalili hizi ni za kukimbiza mtu hospitali saa hiyohiyo: kidole kimekuwa cheusi au cha bluu, kidonda kinanuka, wekundu unapanda juu, homa au kutetemeka. Na moja isiyojulikana sana: mguu umevimba, umekuwa wa moto na mwekundu, wala hakuna kidonda popote. Huenda mifupa ya ndani inavunjika na kusagika bila maumivu. Asiukanyagie tena mpaka aonwe.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu umeingia mstari mweusi. Sikumbuki kujigonga. Duka la dawa waliniambia ni fangasi, nimepaka dawa miezi mitatu na mstari umepanuka.

Acha kupaka, nenda kwa daktari wa ngozi. Sisemi una saratani. Watu wenye ngozi nyeusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa tangu ujana, na haina neno lolote. Kinachonifanya nikuhimize ni maelezo yako: ukucha mmoja tu, mstari mpya, na unapanuka. Vibaya zaidi ni rangi ikimwagikia kwenye ngozi inayozunguka ukucha, au ukucha ukianza kupasuka juu ya mstari huo.

Damu iliyovilia baada ya kujigonga ina tabia yake: inasogea mbele pamoja na ukucha, takriban milimita moja na nusu kwa mwezi, nyuma yake ukucha safi unaota. Piga picha leo ili daktari awe na cha kulinganisha, lakini usiifanye picha kuwa sababu ya kusubiri. Saratani ya ngozi ya aina hii haitegemei jua, inaota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwa watu weusi huko ndiko inakopatikana zaidi. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Daktari akiona haja, atakuchoma sindano ya ganzi achukue kipande kidogo kwa ajili ya maabara. Jibu la uhakika linatoka hapo.

Katikati ya vidole ngozi inalainika, inakuwa nyeupe, inawasha na kunuka. Napaka krimu, inaisha, baada ya wiki mbili inarudi.

Hiyo ni fangasi, na inarudi kwa sababu unaacha dawa siku kuwasha kunapoisha. Paka klotrimazoli mara 2 kwa siku, na uendelee wiki 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Soma pia kilichoandikwa kwenye tyubu: krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi, inayotuliza muwasho haraka huku fangasi wakitambaa chini kwa chini. Kausha katikati ya vidole kila ukioga, badili soksi kila siku, na usivae viatu vilevile vya kufunika siku mbili mfululizo.

Wakishaingia kwenye kucha, krimu haitoshi. Hapo ni vidonge, kwa kawaida wiki 12 hivi, baada ya kipimo kuthibitisha kuwa kweli ni fangasi na daktari kujiridhisha na hali ya ini lako. Ukucha mpya wa kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote, kwa hiyo usiseme dawa imeshindwa mwezi wa tatu.

Mwanangu wa miaka 15 ukucha umemchoma nyamani, kidole kimevimba pembeni. Nimchimbue kona kwa wembe?

Hapana, mama. Ukichimbua kona unaacha kijincha ndani, kitakachochoma zaidi kikiota. Aloweke mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, avae viatu vya wazi, na kucha azikate moja kwa moja bila kuzungusha kona wala kuzifupisha mno. Ukiona usaha, au nyama nyekundu laini imeota pembeni na inatoka damu ikiguswa, mpeleke. Watampiga sindano ya ganzi, watatoa ukingo wa ukucha, na mara nyingi wanaua shina lake kwa dawa usiote tena. Anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Niliamka usiku wa manane kidole gumba kinawaka moto, chekundu, hata shuka likigusa napiga kelele. Sijaumia popote.

Kuna uwezekano mkubwa ni jongo, au gauti kama wengi wanavyoiita. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kuganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo. Pombe, hasa bia, nyama nyekundu, maini na figo, vinywaji vitamu, ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa za presha vinachangia. Usiache dawa zako za presha bila kumuuliza daktari.

Kama ni mara ya kwanza, nenda ukapimwe, maana kiungo chenye vijidudu kinafanana sana na hiki. Ukiwa na homa, nenda leo. Dawa zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na za kupunguza maumivu si salama kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Kipimo cha damu kinaweza kutoka sawa wakati kidole bado kinawaka, kirudiwe kikishatulia. Likikurudia mara kwa mara, kuna dawa ya kila siku ya kushusha asidi hiyo.

Nimeteguka kifundo cha mguu mpirani. Nitajuaje kama mfupa umevunjika?

Jaribu hatua 4, hata kwa kuchechemea. Ukishindwa, au ukibonyeza zile nundu mbili za mfupa pembeni mwa kifundo, kwenye ukingo wa nyuma, ukaruka kwa maumivu, kapige eksirei. La sivyo: pumzisha, funga bandeji, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kitambaa, na baada ya siku mbili tatu anza kuusogeza taratibu.

Mtoto wa miaka 4 ana nyayo bapa. Tumnunulie viatu maalumu?

Msiingie gharama hiyo. Wengi uvungu hujitokeza kufikia miaka 6 hivi. Msimamisheni kwa ncha za vidole. Uvungu ukionekana, mwacheni acheze. Akiumwa, au unyayo ukiwa mgumu usiokunjika, mleteni.

Shavu la mguu mmoja limevimba tangu jana na linauma, nilikuwa na safari ndefu ya basi. Mke wangu anataka kulikanda kwa mafuta ya moto.

Mwambie asikande. Mguu mmoja kuvimba ghafla baada ya kukaa muda mrefu unaweza kuwa na bonge la damu kwenye mshipa, na bonge hilo likichomoka linaenda kwenye mapafu. Nenda hospitali leo ukafanyiwe kipimo cha mishipa. Ukianza kubanwa pumzi, kuumwa kifua au kukohoa damu, asikuache uendeshe mwenyewe. Atafute gari la wagonjwa saa hiyohiyo.